Vidonge Nilivyomeza Chini ya Buibui

Kama unakohoa wiki ya tatu sasa na unawaambia watu ni vumbi, soma haya. Mimi nilikuwa nasema ni chaki. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne hapa Mtwara, kwa hiyo chaki ilikuwa kisingizio kizuri, na mwalimu akishasema jambo mara mbili mbele ya watu huanza kuliamini mwenyewe. Nimepona siku nyingi. Watu wa kliniki ya kifua walioniomba niandike walitaka niwatie moyo wagonjwa wa kifua kikuu, nami nitajaribu, lakini sina budi kuanza na aibu, maana imekaa nami muda mrefu kuliko kikohozi.

Sisi si wa huku. Mume wangu, Baba Neema, ni Msambaa kama mimi. Alihamishiwa bandarini mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukapanga nyumba Likombe na binti yetu mmoja. Kazini sikupanda, ila kanisani nilipanda upesi. Nilikuwa mzee wa kanisa, nilifundisha darasa la ubatizo, na Alhamisi niliongoza sala ya akina mama. Nilikuwa mkali, sifichi. Mtu akichelewa darasani nilimsimamisha, hata awe mtu mzima ana mtoto mgongoni. Waliniita Mama Mwalimu, na jina hilo nililipenda kupita kiasi.

Katika darasa hilo alikuja Fidea. Alikuwa mwanamke wa Kimakonde kutoka Kitaya, kule mtoni Ruvuma, amekuja mjini kubangua korosho kwa mikono ili alishe mtoto wake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, havitakati hata kwa majivu. Kusoma alisoma kwa shida, lakini akiimba, Nnungu wangu, yaani Mungu wangu, kama walivyosema ndugu zake, hata mchungaji alifumba macho. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya. Siku ya ubatizo wake mimi ndiye niliyemsimamia. Nilimshika bega mbele ya watu wote, nikaahidi kumlea katika imani. Tangu siku hiyo nikisema fanya hivi, Fidea anafanya.

Kikohozi kilinianza msimu wa korosho, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwanza jioni tu, kisha hata nikisoma mahudhurio. Sketi yangu ya kazini ilianza kuzunguka kiunoni, nikaibana kwa pini, kisha pini mbili. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho, na Baba Neema aliamka mapema kulianika mwenyewe nyuma ya nyumba, majirani wasinione nikianika shuka kila siku. Akahamia kulala sebuleni. Alisema joto. Siku moja nilimkuta Neema amekiweka kikombe changu peke yake kwenye rafu ya juu, mbali na vya wengine.

"Nani kakutuma?" nilimfokea.

"Baba," akajibu, akaanza kulia.

Nilimgeukia baba yake nikiwa nimefura. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, na kumaliza kwenyewe nilimalizwa na kikohozi, ndipo akasema, "Mke wangu, kesho unakwenda hospitali. Usipokwenda kwa miguu, nitakubeba, na watu watatuona."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonipeleka. Alinijua vizuri.

Lazima uelewe siku zile zilikuwaje. Ukisema kifua kikuu, watu walisikia ukimwi. Hawakuuliza, walishusha sauti tu. Nami nilikuwa nimeshasimama mbele ya akina mama mara nyingi nikasema magonjwa mengine mtu hujitafutia mwenyewe. Sasa kopo la makohozi lilikuwa mkononi mwangu, dogo, lina kifuniko, nimelificha ndani ya kopo la siagi, na siagi ndani ya mkoba wa madaftari.

Majibu yalipotoka niliambiwa nitameza dawa miezi minane. Miwili ya kwanza nilitakiwa niende kila asubuhi nikameze mbele ya nesi. Kila asubuhi! Benchi la wagonjwa wa kifua lilikuwa nje, upande wa njia inayopita watu wote wanaokwenda sokoni. Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba Neema bora nife.

Aliyenitoa hapo ni jirani yetu Bi Zuhura, mwanamke wa Mikindani, mke wa mchuuzi wa samaki. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta, kuta zetu zilikuwa hivyo. Akaingia na buibui lake la zamani amelikunja.

"Vaa hili, vuta ushungi mpaka puani. Nani atakujua?"

"Bi Zuhura, mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana hawatakujua." Akacheka mpaka akakaa chini. "Ngoja nimwambie Baba Neema alete mahari upya, kapata mke Halima."

Nilicheka na mimi, kisha nikakohoa, kisha nikalivaa. Basi kila alfajiri mwalimu wa darasa la ubatizo alitoka mlango wa nyuma akiwa Halima, akameza vidonge vyake, akarudi, akavua, akaenda shule kufundisha. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku ya kwanza alitazama kadi, akanitazama mimi. "Kadi inasema Eliza, nguo inasema jingine," akaninong'oneza. Wengine aliwaita kwa majina mpaka sokoni wakasikia, ila mimi tangu siku ile aliniita kwa mkono tu. Namshukuru mpaka leo. Ukishameza alikuwa na amri yake moja: "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mtu mzima unafungua mdomo kama kifaranga.

Mkojo ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi, usiogope, ni dawa. Tumbo litachafuka, kula kwanza uji. Bi Zuhura aliniwekea wangu kwenye chupa kila siku, wa mtama, na hakuwahi kunitaja popote.

Wiki ya nne hivi, mvua zimeanza, nilikuta mtu amekaa mahali pangu kwenye benchi. Nilivitambua vidole kabla ya uso. Fidea. Amekonda, kanga imemzidi, kadi ya dawa mapajani. Nikavuta ushungi mpaka chini ya macho.

"Shikamoo, bibi," akaniambia, akasogea kunipisha. "Kaa hapa, kule pananyeshewa."

Niliitikia kwa kichwa. Sauti ningeitoa vipi, na anaijua kuliko ya mama yake? Akafungua kifurushi chake, akatoa muhogo wa kuchemsha, akaukata, akanipa kipande kikubwa. "Nesi kasema tusimeze na njaa. Chukua, bibi. Mimi nimezoea." Nikapokea. Nikageukia ukutani, nikala nimeshika ushungi.

Tulikaa hivyo karibu mwezi, asubuhi nyingi. Alizungumza peke yake kwa wawili. Aliniambia anaogopa dawa zitamshinda. Aliniambia kuna mwalimu wake wa kanisani naye mgonjwa, hakuna ajuaye anaumwa nini, na kwamba yeye Fidea kila akimeza kidonge humwombea yule kwanza. "Wewe ni Mwislamu, lakini mwombee na wewe, bibi. Ni mama yangu yule."

Nilikuwa nimekaa shibiri moja kutoka kwake, muhogo wake mdomoni mwangu. Ningevuta ushungi ule chini ya kidevu tu, mambo yote yanayofuata yasingetokea. Sikuuvuta.

Miezi miwili ikaisha. Kikohozi kilikuwa kimekatika, sketi imerudi kwenye pini moja. Nikaanza kupewa vidonge vya mwezi mzima nikamezee nyumbani, nikavificha kwenye debe la unga. Akina mama wa Alhamisi walikuwa wamefunga siku tatu kwa ajili yangu, bila kula, wakaimba barazani kwangu. Kanisani kwetu mtu aliyeombewa hivyo akiinuka hutoa ushuhuda: anavaa kanga mpya, kwaya inamsindikiza mbele, anasema Mungu alivyomtendea. Mchungaji akaniuliza niko tayari lini.

Sasa sikiliza nilivyojidanganya, maana na wewe unaweza kujidanganya hivyo hivyo. Nilijiambia nikitaja vidonge nitawavunja moyo waliofunga. Nilijiambia imani yao bado changa, waongofu wengi ni wa juzi, na mkubwa katika imani anapaswa kuwafikiria wadogo kabla ya nafsi yake. Maneno mazuri hayo! Niliyafundisha mwenyewe. Lakini niliyekuwa namfikiria ni Mama Mwalimu na jina lake.

Nikasimama mbele, Jumapili, kanga mpya. Nikasema, "Wapendwa, sikumeza kitu. Niliponywa kwa maombi tu."

Kanisa zima lilipiga vigelegele. Nilimwona Fidea kwenye kwaya analia huku anacheka.

Jumapili iliyofuata akasimama yeye. Hakuwa na kanga mpya. Alisema alikuwa anatibiwa kifua, ameona aibu kwa uhaba wa imani yake, na amevitupa vidonge chooni. "Kama mama yangu hakumeza, mimi ni nani nimeze?"

Watu wakasema amina. Mimi niliyekaa benchi la mbele, pamoja na wazee, niliisema kwa sauti.

Nimejaribu mara nyingi kueleza amina ile na sina maelezo. Usiku uliofuata nilimwambia Baba Neema yote, ushuhuda wangu na vidonge vya Fidea. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni jikoni kwake. "Kamwambie," akasema. Nikasema nitamwambia faraghani, Alhamisi. Alhamisi Fidea akaja ananawiri, anaimba, kikohozi kidogo tu, nikasema labda Mungu amemponya kweli. Tazama mtu alivyo: nikamsingizia Mungu.

Mwezi uliofuata nilipokwenda kuchukua dawa zangu, nesi akaniinamia. "Yule binti wa muhogo ameacha. Ugonjwa huu ukiuacha njiani unarudi na meno. Kama unamfahamu, mwambie."

"Simfahamu," nikasema. Hakuna jogoo aliyewika. Kulikuwa na mashine ya kusaga tu, ng'ambo ya barabara.

Baada ya hapo Fidea alikwenda kwao Kitaya kusaidia mavuno ya mpunga, nami, Mungu anisamehe, nilipumua. Nyumbani hakukuwa na pumziko. Baba Neema hakunigombeza tena. Alikuwa anarudi kazini, ananisalimu kama mwalimu wa mtoto wake, anakula, anatoka kwenda kukaa nje. Sikujua ukimya unaweza kuchosha kuliko kelele.

Mvua zilikatika, baridi kidogo ya Juni ikaja. Vidonge vyangu vilikuwa vimebaki vya siku tisa. Jioni moja akapiga hodi mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Damasi, kaka yake Fidea.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na mgonjwa."

Alisema Fidea anatapika damu. Alisema wamemsihi wampeleke hospitali, amekataa. Anasema akimeza atakuwa amemkana Mungu aliyemponya mama yake. "Anasema ni imani yake ndogo. Anasema uende umwombee, Mama Mwalimu. Wewe akikwambia, atasikia." Maneno yalimchanganyika, lakini nilielewa.

Niliingia chumbani kuvaa. Baba Neema akaja nyuma yangu, amebeba debe la unga. Akaliweka miguuni pangu.

"Ukienda, usiende mikono mitupu," akasema.

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya kubeba mpunga, mimi juu ya magunia matupu, Damasi ameshika ubavu wa gari. Njia nzima nilitunga maneno. Nilitunga hata namna ya kumwambia ameze bila kumwambia mimi nilimeza: Mungu amenifunulia kwamba kwako wewe, Fidea, anataka kutumia dawa. Neno hilo lingekubalika! Ningelala na heshima yangu salama, naye angepona labda. Nililipenda wazo hilo mpaka tulipofika kwenye kibao cha kijiji.

Fidea alikuwa amelala juu ya mkeka, nyuma ya nyumba penye hewa. Kilichobaki kwake kilikuwa macho. Mtoto wake alikuwa amekaa miguuni, anachezea kopo. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akalia, akamwita kila mtu: mwalimu amekuja! Fidea akajaribu kuinuka.

"Mama," akasema, "nisamehe. Nimeshindwa kuamini kama wewe."

Basi wazo langu zuri likafa palepale. Aliniomba msamaha mimi! Kama ningemwacha na uongo ule hata nikampa uhai, angeishi maisha yake yote akijiona ni Mkristo wa daraja la pili, kwa ajili ya kitu ambacho sikuwahi kukifanya.

Sikuomba. Nilikaa chini mchangani, nikafungua mkoba, nikatoa vidonge vyangu vya siku ile. Niliomba maji. Nikavionyesha, kimoja kimoja, nikaweka mdomoni, nikameza. Kisha nikafungua mdomo mbele yake, nikainua ulimi, kama nesi anavyotaka.

Fidea alinitazama mdomoni. Alikijua kile kitendo. Hakuna anayekijua isipokuwa aliyekaa benchi lile.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu msimu wa korosho. Niliwadanganya. Nilikuwa nakuja na buibui."

Nikamwona anahesabu, anarudi nyuma, asubuhi kwa asubuhi.

"Yule bibi," akasema. "Yule bibi wa ushungi."

"Ni mimi."

"Ulikula muhogo wangu."

"Nilikula."

Akageukia ukuta wa nyumba. Mama yake aliuliza kwa Kimakonde nimesema nini, Damasi akamweleza, na yule mzee akaiondoa mikono yake begani pangu. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Fidea akasema, bila kugeuka, "Kaka, nipelekeni."

Alirudi kwenye benchi lile, safari hii kwa dawa nzito zaidi na sindano kila siku kwa miezi miwili. Nilimsindikiza kila asubuhi, bila buibui. Mwezi wa kwanza hakusema nami. Nilimletea uji wa Bi Zuhura, aliunywa kwa ajili ya Bi Zuhura.

Jumapili ya kwanza baada ya Kitaya nilisimama kanisani nikasema yote, kopo la siagi, ushungi, "simfahamu", na ile amina. Kisha mama mmoja aliyefunga kwa ajili yangu akasema kutoka nyuma, "Sisi tunashinda njaa, mwenzetu anameza." Nilivuliwa uzee na darasa, na ilikuwa haki. Jioni yake mwanamume mmoja wa kwaya alikuja nyumbani, akazunguka zunguka na habari za mvua, mwisho akauliza hiyo kliniki ya kifua inafunguliwa saa ngapi. Nilikwenda naye. Usiku ule Baba Neema alirudisha mto wake chumbani.

Fidea alipona kifua. Lakini zile sindano zilimwanzishia kengele masikioni, kisha kengele zikazima, na pamoja nazo karibu kila kitu. Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto linasikia mtu akiongea karibu sana. Hakuweza tena kushika sauti ya wimbo, akatoka kwenye kwaya mwenyewe kabla hawajamwambia. Nimewahi kumkuta anabangua korosho huku midomo inakwenda, hatoi sauti. Sina la kusema juu ya hilo. Nisingekuwa na aibu zangu, angekuwa anaimba.

Siku niliyomwomba msamaha kwa mara ya tatu, alinijibu, "Nimekusamehe, lakini usinichoshe. Ukitaka kunisaidia, kaa hapa." Akapiga benchi upande wake wa kushoto.

Miaka imepita, Neema ameolewa, na mimi kila Jumapili nakaa kushoto kwa Fidea. Mchungaji akisema, nasema tena sikioni kwake. Mwanzoni nilikuwa napamba, mazoea ya ualimu. Alinikamata kwa kutazama midomo ya mhubiri. "Hilo hakulisema," akaniambia. "Niambie alichosema. Usiongeze." Kwa hiyo siongezi.

Mwaka jana, wakati wa shuhuda, alisimama mama mmoja kijana, mgeni kwetu, mke wa karani wa bandarini kama nilivyokuwa mimi. Mwembamba, kanga mpya, uso unang'aa jasho. Akasema amekohoa miezi mitatu, sasa ameombewa, amepona, hahitaji kitu kingine. Vigelegele vikapigwa. Katikati ya sentensi ya shukrani akakohoa, akaziba kwa kanga.

"Amesema nini?" Fidea akaniuliza.

Nikamwambia, neno kwa neno. Akafikiri kidogo. Ujue mtu asiyesikia hawezi kupima sauti yake, anadhani ananong'ona.

"Muulize kama anameza dawa!" Fidea akasema, kanisa zima likasikia.

Watu wakageuka. Wengine walicheka, wengine walinitazama mimi, maana kisa wanakijua. Yule mama alisimama pale mbele, ushuhuda umemwishia mdomoni. Uso uliniwaka kama siku ile ile ya kwanza. Nikasikia kiwiko cha Fidea kwenye mbavu zangu.

Nikainuka, nikapita kati ya mabenchi mpaka mbele, nikamshika mkono, nikamuuliza.